Msikiti Uliotazama Kibo

Ijumaa, 28 Februari

Nina chokaa hadi kwenye nyusi. Leo mtaa mzima tumepaka Msikiti wa Mawe, kama kila mwaka kabla ya mwezi wa kufunga. Kila familia ina kipande chake cha ukuta na kipande hakibadilishwi. Ukihama mji, ndugu zako wanakupakia. Ukifa bila ndugu, kipande chako kinabaki na weupe wa mwaka wa mwisho mpaka mtu aombe kukirithi. Chetu kiko upande wa mashariki, kati ya dirisha la pili na la tatu. Mama ndiye anayekipaka kwa bidii kuliko Baba, ingawa amezaliwa Mwika kwa Walutheri na aliitwa Elisaria mpaka siku alipoolewa akawa Sophia.

Naandika humu kwa Kiswahili. Shuleni kila kitu ni Kiingereza, na Kiingereza changu kinajua majibu tu, aibu hakiijui. Nina miaka kumi na sita na sidhani kama nimewahi kumaliza sentensi mbele ya watu zaidi ya watatu. Nikiulizwa jambo ninalolijua, sauti inaishia kooni.

Mwalimu wa historia ametaka kila mmoja wetu aandike juu ya jengo la zamani. Nimechagua msikiti kwa sababu hauniulizi kitu. Leo nilijikaza nikamfuata Babu Fikirini, muadhini wetu. Si babu yangu wa damu, ni babu wa mtaa mzima, na ana ulimi kama msumeno. Alikuwa juu ya ngazi na brashi.

"Shikamoo Babu."

"Marahaba. Ongea kwa sauti, mimi si mbu nikae sikioni kwako."

Nikamweleza.

"Andika basi. Mwaka 1331 wa Hijria, umechongwa juu ya mlango, kama una macho. Waashi walitoka Tanga na Pangani, walikuja na reli. Mawe ni ya mlima huu huu. Nguzo nane za mvule. Birika lile la kutawadhia lilikuwa linajazwa na mfongo wa Wachagga, maji yanashuka kutoka juu yenyewe, mpaka watu wakajenga vyoo juu ya mfereji. Umeandika vyoo?"

"Ndiyo Babu. Kwa nini hauna mnara?"

"Wa nini, na mlima ule pale?"

Halafu akanieleza walivyoipata kibla. Hawakuwa na dira. Walipigilia vigingi, wakafunga kamba, wakangoja. Ilikuwa masika. Kibo, kilele cha Kilimanjaro, ilijifunika wingu siku kumi na saba, na siku zote hizo hakuna aliyegusa jembe. Siku ya kumi na nane alfajiri wingu likapanda, wakavuta kamba ielekee kilele, wakaanza kuchimba msingi. "Ndiyo maana tunasali tukiitazama Kibo," alisema. "Makka iko nyuma yake."

Jumapili, 2 Machi

Tumeanza kufunga. Joto. Mvua bado.

Alhamisi, 6 Machi

Leo nimefanya kitu na sijui kama ni kizuri.

Kazi yangu ilikuwa imejaa maneno ya Babu Fikirini matupu, nikaona inahitaji kipimo. Mwalimu anapenda vipimo. Mchana, msikiti ukiwa hauna mtu, nikaingia na simu ya Baba mpaka mbele kabisa, kwenye mihrabu. Sijawahi kufika pale. Sisi wanawake tuko nyuma ya pazia. Mihrabu ni kama kipango kidogo cha kusimama mtu mmoja, na ndani hakipakwi chokaa, mawe yako wazi, meusi, baridi. Nikaiweka simu kwenye kizingiti cha jiwe, nikafungua dira.

Kutoka Moshi, kibla ni nyuzi tano na nusu mashariki ya kaskazini. Nilishapiga hesabu mwenyewe na nikaisoma sehemu mbili. Simu ilisema ishirini na nne.

Nikarudia. Ishirini na nne. Nikarudia mara ya tatu.

Ningeweza kufuta. Lakini jioni, tukifuturu mtori wa ndizi na tambi, Baba akauliza kama kawaida yake, "Shule?" na mimi badala ya kusema "nzuri" nikasema, "Baba, msikiti wetu umekosea kibla. Nyuzi kumi na tisa." Baba ni fundi mwashi, jengo lililopinda linamuuma kama jino. Aliweka bakuli chini, akanitazama, akasema, "Hebu rudia."

Naungama hapa: nilifurahi. Katika maisha yangu yote sikumbuki Baba kuweka bakuli chini kwa ajili yangu.

Jumamosi, 8 Machi

Baba alipeleka daftari langu kwa Alhaji Mfinanga, mwenyekiti wa kamati. Kamati imetaka kuubomoa msikiti tangu nikiwa kidato cha kwanza, wajenge wa ghorofa na fremu za maduka chini. Babu Fikirini ndiye aliyekuwa akiwagomea, na wazee wanamfuata.

Leo baada ya alasiri walikusanyika. Niliona yote kupitia tundu la pazia. Baba alisoma vipimo vyangu kwa sauti, akisema "binti yangu" mara mbili. Kisha simu nne zikawekwa kwenye kile kizingiti, moja baada ya nyingine. Ishirini na tatu. Ishirini na nne. Ishirini na nne. Ishirini na sita.

Wote wakamgeukia Babu Fikirini. Nilingoja aseme neno la kukata watu. Alisimama mlangoni, chini ya ule mwaka uliochongwa, akafungua mdomo, akaufunga.

"Fikirini, una la kusema?" Alhaji akauliza, kwa upole.

Alivaa viatu, akatoka.

Jumatatu, 10 Machi

Mvua imeanza. Ilikuja na mawe madogo ya barafu, watoto wakayala huku wamefunga.

Ijumaa, 14 Machi

Wamebandika utepe mwekundu juu ya zulia, umelala kwa mshazari kuelekea kushoto. Vijana na kamati wanasimama kwenye utepe. Wazee saba wanasimama kama zamani, sambamba na ukuta. Ndani ya nyumba moja, imamu mmoja, watu wanasujudu pande mbili, na kwenye kona vichwa vinakaribia kugongana. Leo mzee mmoja alikanyagwa mkono. Wakabishana mpaka khutba ikachelewa.

Babu Fikirini yuko kwenye utepe. Hilo sikulitarajia.

Nilipishana naye uani. "Shikamoo Babu."

"Marahaba, injinia. Simu yako ilisoma madrasa gani?"

Nilitaka kucheka kidogo, lakini yeye hakuwa anacheka.

Jumanne, 18 Machi

Mvua. Loveness, ninayekaa naye dawati moja, amesoma kazi yangu: "Aisee Ummy, kumbe una akili hivi na unakaa kimya kama mgomba!"

Ijumaa, 21 Machi

Limetangazwa kwenye mimbari. Baada ya Idd, msikiti utabomolewa na mpya utasimamishwa, "wenye kibla sahihi, inshallah." Baba amepewa usimamizi wa msingi. Amerudi nyumbani anatembea kama mtu aliyeongezewa urefu.

Mimi nimepoteza hamu ya futari.

Jumatatu, 31 Machi

Idd. Mvua tangu asubuhi. Wanawake tulisali nje, tope hadi magotini, safu sita. Mama aligandwa na kanga mwilini, anatetemeka, anasema Idd Mubarak huku meno yanagongana.

Alhamisi, 3 Aprili

Babu Fikirini amehama. Binti yake Hidaya, anayeuza vitunguu sokoni Bomang'ombe, alikuja kumchukua. Aliondoka na begi moja. Sasa adhana anaita kijana mmoja, haraka haraka.

Jumanne, 15 Aprili

Lazima niandike polepole.

Leo kipindi cha fizikia tulisoma sumaku. Mwalimu Efraimu aliweka dira mezani, akatuonyesha kaskazini. Kisha akatoka nje, akarudi na jiwe jeusi kutoka kwenye bustani ya maua, la aina ile ile iliyojengewa Moshi nzima. Akalisogeza polepole pembeni ya dira.

Mshale ukaondoka. Ulilifuata jiwe kama mtoto anayemfuata mama.

Alisahau Kiingereza, akahamia Kiswahili, ambacho kwetu darasani ni kosa: "Mnaona? Jiwe hili lilitoka motoni, mlimani. Lina chuma ndani. Ukipima kaskazini ukiwa umezungukwa na mawe haya, hupimi kaskazini. Unapima jiwe."

Darasa likacheka. Loveness akaniuliza kwa nini mimi sicheki.

Simu nne. Zote kwenye kizingiti kile kile. Mawe wazi pande tatu.

Jumatano, 16 Aprili

Nimepima upya. Nilisimama kiwanjani hatua arobaini kutoka msikitini, mvua ikininyeshea, nikajipanga sambamba na ukuta wa mashariki kwa kamba. Sita. Upande wa magharibi, tano. Kisha nikafungua picha za setilaiti nikaukuta msikiti kutoka juu, kipaa chekundu kidogo, nikapima kwa rula. Tano na nusu.

Uko sawa. Umekuwa sawa miaka yote hii.

Na nimegundua jambo jingine, nalo linaniumiza zaidi. Siku zote nilijiuliza kwa nini waliujenga pale, kwenye mteremko wa mawe, wakati mwendo wa nusu saa pembeni yake kuna tambarare nzuri. Leo nimelijua. Ukisimama tambarare, Kibo haiko kwenye kibla. Ukienda karibu na stesheni, haiko. Pale kwenye mteremko ndipo kilele na Makka vinapolala kwenye mstari mmoja. Wale waashi hawakuuelekeza msikiti mlimani kwa kubahatisha. Kwanza walitembea mji mzima usiku, wakipima kwa nyota, kutafuta mahali ambapo mlima unasema kweli, ndipo wakangoja siku kumi na saba.

Mimi nilitumia dakika nne.

Alhamisi, 17 Aprili

Sijasema. Mvua.

Ijumaa, 18 Aprili

Sijasema.

Jumatatu, 21 Aprili

Pasaka. Tulikwenda Mwika kwa Bibi Yuditha. Kahawa inachanua. Bibi aliniuliza kama naumwa. Nikasema hapana. Mama akanitazama. Sijasema.

Alhamisi, 24 Aprili

Baba ameleta tarehe ya kubomoa: Jumatatu. Nimejifunza sentensi yangu mbele ya kioo mara kumi. Mbele ya Baba nimesema chai iko tayari.

Jumamosi, 26 Aprili

Nimesema.

Nilimwambia Mama kwanza, jikoni, nikiwa nimempa mgongo. Aliacha kumenya ndizi. "Mwambie baba yako sasa hivi, kabla hajamaliza chai." Akanishika mkono kama mtoto wa chekechea, akanipeleka.

Baba alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwa sauti ndogo ambayo siijui: "Ummy, mimi nilisoma mbele ya wazee. Nilisema binti yangu." Nikafikiri atanipiga au atanikataza. Alikunywa chai iliyobaki, akavaa mabuti. "Twende kwa Alhaji. Utasema mwenyewe. Mimi nitasimama karibu."

Kwa miaka yote nimedhani Baba ni mtu wa kupenda sifa. Sijawahi kuona mtu anatembea kuelekea aibu yake akiwa ameshika mwavuli juu ya mtu mwingine.

Alhaji Mfinanga hakubisha. Hilo ndilo lililonitisha. Alitoka na mwavuli wake mpaka kiwanjani, akaitazama simu, akatazama ukuta, akatazama kule ambako Kibo ingekuwa kama kungekuwa hakuna wingu.

"Tano," alisema.

"Ndiyo Alhaji. Jiwe ndilo lililovuta."

"Mwanangu, Idd ulisali wapi?"

"Nje."

"Na mama yako?"

"Nje."

"Nimemwambia Fikirini miaka mitatu kwamba msikiti ni mdogo. Ana jibu: anayetaka nafasi awahi. Nikamwambia una nyufa. Ana jibu: hata wewe una nyufa na hatujakubomoa." Alitabasamu kidogo. "Uliponiletea kibla, hakuwa na jibu. Ndiyo siku ya kwanza. Nikasema alhamdulillahi, nikachukua."

Baba alisema, "Lakini Alhaji, sasa tunajua si kweli."

"Tunajua watu watatu. Mashine inakuja Jumatatu, Shakiru. Watu wamechanga mpaka wajane. Nisimame mimi niwaambie nini? Kwamba wasali tena mvuani kwa sababu msikiti wao hauna kosa?"

Ningependa kuandika kwamba Alhaji ni mtu mbaya.

Nikauliza jambo moja tu: "Na Babu Fikirini, nani atamwambia?"

"Wewe ndiye uliyepima," alisema.

Jumatatu, 28 Aprili

Nilidhani mawe yatapigana. Mashine ilisukuma mara mbili tu upande wa kusini na kipaa kikakaa chini, taratibu, kama mzee anayekaa. Nguzo za mvule zilitoka nzima, nyekundu ndani kama zimekatwa jana. Mihrabu ilibaki imesimama peke yake kwa muda, mgongo kwa mlima. Halafu nayo.

Kipande chetu cha ukuta kilianguka bila kuvunjika. Pembeni niliona chokaa ya kila mwaka, tabaka juu ya tabaka, unene wa kiganja. Kuna moja ya buluu, sijui ya nani wala mwaka gani. Nilitaka kuchukua kipande. Dereva akasema nisogee.

Saa sita wingu likapanda, Kibo ikatoka nzima, nyeupe. Hakuna aliyegeuka.

Jumamosi, 3 Mei

Mvua. Mitihani imekaribia.

Jumamosi, 10 Mei

Mama alikutana na Hidaya huko Bomang'ombe. Amerudi akakaa kitandani kwangu, na Mama hakai kitandani kwa mtu.

Babu Fikirini analipa sala. Zote. Miaka arobaini na moja aliyosali ndani ya Msikiti wa Mawe, mara tano kwa siku, anaamini alizisali upande usio sahihi, na kwamba kila aliyeitikia adhana yake alimpoteza. Anaamka, analipa za siku mbili, anakula kidogo, analipa nyingine. Magoti yamevimba. Shehe wa pale alimwendea, akamwambia sala zake zilisihi, maana mtu aliyejitahidi kuitafuta kibla hana kosa. Akamjibu, "Sikujitahidi. Nilifuata ukuta."

Mama aliniambia, "Nenda."

Nikasema nitakwenda kesho.

Jumapili, 11 Mei

Sijaenda.

Jumamosi, 17 Mei

Sijaenda. Nilifika mpaka stendi. Basi la Bomang'ombe lilikuwa pale, lina nafasi. Lilipoondoka nilikuwa bado nimesimama. Nikarudi nyumbani nikasema mtihani wa Jumatatu ni mgumu. Kila siku ninayoahirisha ni sala kumi nyingine au zaidi juu ya magoti yale. Najua hesabu hiyo. Naandika ili isije ikasemwa sikuijua.

Jumamosi, 24 Mei

Nimekwenda.

Bomang'ombe kulikuwa kukavu, vumbi, kana kwamba masika haikupita kule. Hidaya alifunga genge lake akanipeleka mwenyewe. "Usikae sana," alisema. "Akikatishwa anaanza upya."

Chumba cha nyuma, mkeka, ndoo ya maji, dirisha dogo. Amekuwa mdogo. Alikuwa amekaa, anasugua magoti, kabla ya kusimama tena.

"Shikamoo Babu."

"Marahaba. Injinia." Hakukasirika. Ingekuwa rahisi zaidi.

Nikasema. Nilisema yote, bila kusimama, kama mtu anayemwaga maji: jiwe, dira, Mwalimu Efraimu, kiwanja, tano, sita, tano na nusu. Nikamwambia waashi walivyoutafuta mteremko ule. Nikamwambia kosa ni langu, si la ukuta. Mara ya kwanza nilimaliza sentensi zangu zote.

Aliacha kusugua magoti. Kisha akauliza, "Walipojua, walisimamisha mashine?"

"Hapana, Babu. Umeshabomolewa. Mwezi uliopita, tarehe ishirini na nane."

"Kumbe ulikuwa mzima," alisema. "Tumezika mtu mzima."

Nikalia. Hakunizuia, hakunibembeleza. Nilipopata sauti nikasema lile nililokuja nalo, lile nililokuwa nimelishika tangu stendi: "Babu, sala zako zote ziko sawa. Miaka yote arobaini na moja. Huna cha kulipa. Pumzika."

"Zile, ndiyo," alisema. "Zile umenirudishia. Mungu akulipe."

Akashika ukuta, akainuka. Nilisikia magoti yake.

"Lakini mlima ule nimeuona kila asubuhi tangu nizaliwe. Kamba ile nilihadithiwa na aliyeishika. Mkaja na simu nne, nikasimama mlangoni nikiwa na jibu mdomoni, nikaona haya kulisema mbele ya simu zile. Nikauacha msikiti wetu. Ninazosali sasa si za kibla, mjukuu wangu. Hizi ni za siku ile."

"Ngapi, Babu?"

"Sijui. Hiyo nayo sina kipimo."

Akainua mikono, akafunga sala.

Nilikaa kwenye kona nikimngoja amalize nimuage. Alitoa salamu kulia, akatoa salamu kushoto, na kabla sijafungua mdomo alikuwa ameshasimama tena. Nikangoja. Akatoa salamu, akasimama. Nilikuwa na neno moja tu la kusema. Mara ya sita nilisikia Hidaya ananiita kwa nje kwamba basi linaondoka, nikavaa viatu, nikatoka.